Chumvi haiondoki na mvuke: kutunza kiwango cha chumvi kwenye akwaria ndogo ya matumbawe

Tangi la matumbawe la lita 40 linaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa siku, hasa likiwa wazi juu na feni ikipuliza. Maji hayo yanaondoka kama mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Chumvi yote inabaki ndani, sasa kwenye lita 39. Kama leo kipimo cha chumvi ni 35 (gramu katika kila kilo ya maji), kesho kitakuwa karibu 36, na siku ya tatu bila kuongeza maji kitakaribia 38. Samaki bado anaogelea kama kawaida. Konokono amejifungia kombeni, tumbawe limekunja polipu zake (viumbe vidogo vyenye minyiri vinavyoliunda), na mwenye tangi anaanza kuishuku taa.

Kwenye tangi la lita 400, lita hiyo moja isingeonekana hata kwenye kifaa kizuri. Hapo ndipo penye ugumu wa akwaria ndogo: haina maji ya akiba ya kukusamehe.

Kila kipimo kinapobadilika, jiulize swali moja kabla hujagusa kitu: kilichotoka ni maji, au ni chumvi? Maji yakitoka, kipimo hupanda, na kinachorudishwa ni maji matamu, yaani yasiyo na chumvi. Chumvi ikitoka, kipimo hushuka, na kinachorudishwa ni maji ya chumvi. Makosa mengi ninayoyajua, yangu yakiwemo, yalitokana na kurudisha kile ambacho hakikutoka.

Kiwango cha kulenga

Maji ya bahari ya wazi yana wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Kwa ufupi tunasema 35 kwa elfu. Vifaa vingine vinaonyesha densiti linganishi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matamu, na hapo 35 ni kama 1.026 maji yakiwa na nyuzijoto 25. Vinavyopima upitishaji wa umeme vitaonyesha milisimensi 53 kwa sentimita. Tarakimu zinatofautiana lakini maji ni yaleyale, kwa hiyo chagua kipimo kimoja ukizoee.

Lenga 35. Ukiwa kati ya 34 na 36, usihangaike. Bahari ya Shamu ina karibu 40 na matumbawe yake yamestawi, ila hayo yamezoea maji hayo vizazi na vizazi. La kwako halijapewa muda huo. Kinacholiumiza zaidi ni kupandishwa na kushushwa. Samaki wa bahari ana njia ya kujikinga: damu yake ina chumvi kama theluthi moja tu ya ile iliyomo kwenye maji yanayomzunguka, naye hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua. Tumbawe, shokomzee na kiti cha pweza hawana kinga hiyo. Maji ya nje yakikolea, na ya ndani ya miili yao yanakolea. Kwa hiyo ukitaka kujua kama chumvi imeyumba, usimtazame samaki. Yeye huonyesha dalili wakati wenzake wameshateseka.

Hatua ya 1: Jua lita zako za kweli

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linaitwa la lita 54. Toa nafasi iliyoachwa juu, toa mchanga, toa mawe, na maji yaliyobaki yanaweza kuwa lita 40 tu. Kama ndiyo kwanza unajaza, hesabu lita unazomimina baada ya mawe na mchanga kuwekwa. Kama tangi limeshajaa, pima urefu na upana wa ndani na kina cha maji, zidisha, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha punguza kwa makadirio ya mawe. Iandike tarakimu hiyo mahali utakapoiona. Hesabu zote zinazofuata zinaitegemea, na ukitumia ya dukani utakosea karibu kwa robo.

Hatua ya 2: Sahihisha kifaa kabla ya kukiamini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kifaa kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa.

Kwanza, kwa nini tunaweza kupima chumvi kwa kutazama tone la maji tu? Katika safari ya meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, kati ya 1872 na 1876, maji yalichotwa kutoka bahari mbalimbali duniani. Mkemia William Dittmar alichunguza sampuli 77 na kuchapisha matokeo mwaka 1884: maji yawe makali au mepesi, uwiano wa chumvi kuu ndani yake ni karibu uleule kila mahali. Kwa sababu hiyo huna haja ya kupima kila aina ya chumvi. Ukijua jinsi maji yanavyopinda mwanga, yanavyoelesha kitu, au yanavyopitisha umeme, umejua kiasi cha chumvi yote.

Lakini elewa kwamba vifaa hivi vinakisia kutokana na dalili. Refraktomita hupima jinsi mwanga unavyopinda. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya kawaida, sodiamu kloridi peke yake, na si maji ya bahari yenye magnesiamu, kalisi na salfeti. Refraktomita ya namna hiyo, hata ikiwa imewekwa sawasawa kwenye sifuri kwa maji yaliyokenekwa, ikiwekewa maji ya bahari ya 35 itaonyesha kama 36.5.

Hilo lilinipata. Nilisahihisha refraktomita yangu kwa maji yaliyokenekwa, ikasoma sifuri, nikaiamini. Tangi lilisoma 36.5, nami kwa siku mbili nikalishusha hadi 35. Kumbe lilikuwa 35 tangu mwanzo, na sasa nilikuwa nimelifikisha karibu 33.5. Matumbawe laini yalijikunja kwa zaidi ya wiki moja, na mimi nilikuwa na uhakika kwamba nimeyasaidia.

Kwa hiyo sahihisha kifaa kwenye 35, si kwenye sifuri. Kuna vimiminika vya kusahihishia vinavyouzwa vikiwa tayari. Hakikisha lebo inasema ni vya maji ya bahari, 35 kwa elfu. Ukipenda kutengeneza mwenyewe, pima gramu 36.5 za sodiamu kloridi safi, isiyo na madini joto wala dawa ya kuzuia kugandamana, uiyeyushe kwenye gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa. Mchanganyiko huo unapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Tumia mizani inayosoma angalau sehemu ya kumi ya gramu. Hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, maana nao ukigeuka mvuke unakolea, na utakuwa unasahihisha kifaa kwa uongo. Kumbuka pia kwamba mchanganyiko huu ni wa refraktomita peke yake. Vifaa vya umeme vina vimiminika vyao.

Kusoma refraktomita kwenyewe ni hivi. Futa kioo chake kwa kitambaa laini. Weka matone mawili au matatu ya kimiminika cha kusahihishia, funga kifuniko taratibu pasiwe na kiputo, kisha subiri nusu dakika hadi dakika moja ili tone lilingane joto na kifaa. Elekeza kwenye mwanga na utazame pale buluu inapokutana na weupe. Kama mpaka huo hauko 35, zungusha skrubu ndogo mpaka ufike. Suuza, futa, kisha weka maji ya tangi. Baada ya kusoma, suuza tena kwa maji matamu. Chumvi ikikaukia kwenye kioo, kipimo kijacho kitakuwa kimeharibika kabla hujaanza.

Sahihisha kila wiki, na kila mara unapopata tarakimu inayokushangaza.

Haidromita ya plastiki, inayopima densiti kwa mkono unaoelea, ukipanda na kushuka, ni rahisi, ila viputo vidogo huganda kwenye mkono huo na kuunyanyua, ukasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Igongegonge mpaka viputo vitoke, na uiloweke kwenye maji matamu kila inapoota ukoko mweupe. Ilinganishe angalau mara moja na kifaa kilichosahihishwa, uandike tofauti yake kwa kalamu kwenye plastiki yenyewe. Kipimo kinachokosea kwa kiasi kilekile siku zote bado kina kazi.

Hatua ya 3: Chora mstari

Maji yakiwa 35 kwa kifaa kilichosahihishwa na pampu zote zikifanya kazi, bandika utepe mwembamba kwenye kioo, pale hasa usawa wa maji ulipo. Kwa maoni yangu utepe huu una faida kuliko kifaa chochote utakachonunua, kwa sababu utautazama mara kumi kwa siku bila kujisumbua.

Angalia pa kuubandika. Kama tangi lako lina chumba cha nyuma chenye pampu, au tangi dogo la chini, maji ya mbele hayashuki. Ukuta wa katikati unayashikilia pale pale, na upungufu wote unaonekana kwenye chumba cha pampu. Mtu anaweza kutazama mbele siku tatu akaridhika, huku nyuma pampu inakaribia kuvuta hewa. Utepe ubandikwe huko nyuma.

Hatua ya 4: Rudisha maji yaliyogeuka mvuke

Kila siku, kwa saa ileile, jaza maji matamu mpaka kwenye utepe. Usijaze maji ya chumvi: ukifanya hivyo utakuwa unaongeza chumvi juu ya ile ambayo haikuondoka.

Maji yawe safi kabisa, yaliyokenekwa au yaliyopita kwenye mtambo wa kuchujia wa osmosisi na resini. Kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri, au karibu nayo kabisa. Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingi nitrati, fosfeti, silika, pengine hata shaba kutoka kwenye mabomba, ambayo ni sumu kwa kamba na konokono. Kila siku unayoongeza lita moja ya maji hayo, maji yanakwenda hewani na takataka zinabaki, kama chumvi inavyobaki. Baada ya miezi michache utakuwa umezikusanya.

Mimina polepole mahali penye mkondo mkali, kamwe si juu ya tumbawe. Kwa wiki ya kwanza pima kila siku unaongeza kiasi gani, ili uijue kawaida ya tangi lako. Feni ya kupozea huongeza upungufu sana, na hewa kavu vilevile. Kifuniko kigumu hupunguza, lakini huzuia joto na hewa kupita. Mimi naona afadhali tangi likae wazi na kujazwa kila siku kuliko kuzibwa.

Ukichoka kujaza kwa mkono, kuna vijazio vya kujiendesha vyenye boya au kihisi cha mwanga. Ni vizuri, na kwa anayesafiri mara kwa mara ni karibu lazima. Ila kuna siku boya litanasa kwa sababu ya konokono au ukoko wa chumvi, na pampu haitazimika. Kinachoamua kama viumbe watapona siku hiyo ni ukubwa wa ndoo ya akiba. Ndoo ya lita 3 ikimiminika yote kwenye lita 40 zilizo sawa, kipimo kitashuka hadi karibu 32.6, na unaweza kurekebisha. Ya lita 10 itakufikisha 28, tena kama maji hayajafurika sakafuni. Chagua ndoo ya siku tatu au nne, usitamani ya mwezi. Na mdomo wa mpira ukae juu ya usawa wa maji, ndoo nayo ikae chini kuliko tangi, la sivyo pampu ikizimika maji yanaendelea kujivuta yenyewe.

Hatua ya 5: Badilisha maji bila kuyumbisha kipimo

Changanya chumvi ya akwaria nje ya tangi, kwenye ndoo safi. Maji yatangulie, chumvi ifuate kidogo kidogo huku pampu ikizungusha. Ukimwaga maji juu ya lundo la chumvi, kalisi inaweza kuganda na kubaki kama vumbi jeupe chini ya ndoo. Kwa kawaida inahitajika kati ya gramu 35 na 40 kwa lita, kutegemea chumvi yenyewe na unyevu ilioufyonza. Kwa sababu ya unyevu huo, usiuamini uzito peke yake: acha ichanganyike mpaka maji yawe maangavu, weka hita yafikie joto la tangi, ndipo upime.

Kisha fuata mpangilio huu, nao usiugeuze. Kwanza jaza maji matamu mpaka kwenye utepe. Pili toa lita unazotaka, tuseme 4. Tatu rudisha lita 4 za maji mapya. Ukiruka hatua ya kwanza, utakuwa umefidia mvuke kwa maji ya chumvi bila kujua, na kipimo kitapanda wiki baada ya wiki.

Maji mapya yakiwa 32 badala ya 35, lita 4 kati ya 40 zitakushusha kwa 0.3 tu, na hutaona kitu. Rudia kosa hilo kila wiki, na tangi litasogea hadi huko huko 32. Pima kila ndoo.

Hatua ya 6: Kurekebisha kilichoharibika

Kabla ya yote, sahihisha kifaa upime upya. Kisha rudi kwenye lile swali.

Kama maji yamepungua chini ya utepe na kipimo kimepanda, kilichotoka ni maji. Jaza maji matamu tu, lakini kama zinahitajika lita 3, zigawe kwa siku tatu badala ya kuzimwaga kwa mkupuo.

Kama maji yako kwenye utepe na bado kipimo ni cha juu, chumvi imezidi. Zidisha lita za tangi kwa kiasi unachotaka kushusha, gawanya kwa kipimo cha sasa. Kwa lita 40 kutoka 38 hadi 37, ni 40 mara 1 gawanya kwa 38, yaani lita moja na kidogo: toa kiasi hicho cha maji ya tangi, weka maji matamu badala yake. Kesho rudia. Kipimo kisisogee zaidi ya 1 kwa siku.

Kama kipimo ni cha chini, njia nyepesi ni kutumia mvuke wenyewe. Pale ambapo ungejaza maji matamu, jaza maji ya chumvi ya 35. Kila lita inaleta gramu 35, na kwenye lita 40 hiyo inapandisha kipimo kwa karibu 0.9. Tangi lililoshuka hadi 32 litafika 34.6 kwa siku tatu bila mtu kushtuka. Usitupe chumvi kavu ndani ya tangi. Chembe ikitua juu ya tumbawe inaunguza nyama yake, na alama hiyo haifutiki upesi.

Kipimo kinachoshuka kimyakimya

Wengi wanajua kuhusu mvuke. Wachache wanajua kwamba chumvi nayo hutoka, hasa wenye kijazio cha kujiendesha, maana usawa wa maji hauwaambii kitu. Skima ya povu, kifaa kinachoondoa uchafu kwa viputo vya hewa, ikitoa robo lita ya maji machafu kwa siku, imetoa karibu gramu 9 za chumvi, na kijazio kinaweka maji matamu mahali pake. Kwenye lita 40 ni upungufu wa kama 0.2 kwa siku, 1.5 kwa wiki. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ongeza ukoko mweupe unaoota kwenye kingo na kufutwa kwa kitambaa, matone yanayorukia nje, na maji ya sampuli unazotupa. Dawa yake ni kurekebisha skima itoe povu kavu zaidi, na kurudisha kwa maji ya chumvi kiasi kile kile kilichokusanyika kikombeni.

Upo pia mwendo wa kinyume. Anayeongeza kalisi kloridi na sodiamu baikaboneti kila siku anaacha sodiamu na kloridi nyuma, yaani chumvi ya kawaida. Kwa miezi kadhaa kipimo kitapanda polepole, na hapo hakuna kosa la mvuke la kutafuta.

Na kabla hujanunua dawa ya kalisi, soma chumvi kwanza. Maji yenye kalisi miligramu 420 kwa lita yakiwa 35, yatasoma karibu 456 yakikolea hadi 38, na 384 yakizimuliwa hadi 32. Aliye kwenye 32 ataona upungufu wa kalisi, magnesiamu na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) kwa pamoja, atanunua chupa tatu, na shida yake ilikuwa chumvi moja.

Mgeni anapoingia

Pima maji ya mfuko kabla ya kumtoa mnyama. Wauzaji wengi huweka samaki kwenye densiti ya 1.020 au chini yake. Kumtoa huko moja kwa moja hadi 1.026 ni mshtuko, kwani kwa samaki kupandishwa ni kugumu kuliko kushushwa. Mdondoshee maji ya tangi lako tone kwa tone kupitia mpira mwembamba uliofungwa fundo, upime mpaka vipimo vikaribiane, kisha mhamishe yeye bila maji yake. Kuhusu ile tiba ya vimelea kwa kushusha chumvi hadi karibu 1.009, ifanyike kwenye tangi la pembeni lenye samaki peke yao. Matumbawe na konokono hawataiona asubuhi.

Ukisafiri

Usimwachie mtu maelezo marefu. Pima mahitaji ya siku moja, jaza chupa moja kwa kila siku, uandike siku kwenye kila chupa. Mfuko wa chumvi ufungie mbali kabisa na tangi. Mwonyeshe utepe kwa kidole, umweleze: mimina chupa ya leo polepole, maji yakigusa mstari simama, hata kama chupa haijaisha. Akisahau siku moja, siku inayofuata amimine moja asubuhi na nyingine jioni, na bado asivuke mstari.